Binamu wa Profesa

Sanduku la Posta 114,
Sweetgum, Mississippi.
20 Oktoba 1996

Mpendwa Shangazi Ernestine,

Kaa kitako kwanza, na binti yako akushikie kikombe, maana habari hii inaweza kukumwagia kahawa. Jana, mimi Cleotis wako, niliongoza bendi nzima ya chuo kikuu mbele ya uwanja uliofurika, na hakuna tarumbeta wala ngoma iliyothubutu kukaidi mkono wangu. Bahati ikimpenda mtu haimuulizi cheti. Waambie kina mama wa kanisani kwenu Detroit. Waambie mara mbili.

Haya, sasa salamu. Hujambo? Goti linasemaje na baridi ya huko? Sisi wazima. Mke wangu Rozetta mzima, ila ananuna nikikaanga samaki ndani ya nyumba. Mimi sukari imepanda kidogo, lakini na sifa zangu nazo zimepanda, basi tumetoka sare.

Leander wetu, Profesa wa bendi, anastaafu, nadhani umesikia. Wewe ndiye uliyetulea, tukalala naye kitanda kimoja nyumbani kwako, kwa hiyo kwako siwezi kujifanya malaika: namwonea wivu mpaka meno yananiuma. Alipoanza kufundisha pale chuoni alikuta vijana wachache na tarumbeta kubwa zilizobonyea kama masufuria ya jeshi. Leo bendi yake ikiingia uwanjani wakati wa mapumziko ya mpira, waliokwenda kununua soda wanarudi mbio. Mpira wenyewe ndio umekuwa mapumziko. Na hao anaowafundisha kuongoza bendi, kwenye kile chumba chake cha vioo vya kujitazama, wametapakaa kutoka Texas mpaka Georgia, kila mmoja anasimama kama yeye, kidevu juu, kama mtu anayenusa mvua.

Mwezi uliopita uwanja wa mazoezi ulipewa jina lake. Majani, Shangazi! Hata majani yanaitwa Leander Tillery. Mimi hata mbwa hajaitwa jina langu. Nimepiga tromboni, ile tarumbeta ya kuvuta, Paris, nimepiga Tokyo, nimepiga kwenye meli ya matajiri mpaka nahodha akalia, lakini nikiingia kwa kinyozi hapa Sweetgum naulizwa, “Wewe si ndiye binamu wa Profesa?” Nikifa wataandika hivyohivyo kaburini.

Sasa, hapa mwongoza bendi akistaafu, siku ile waliosoma chuoni wanaporudi kusherehekea, wimbo wa mwisho haongozi yeye. Anamkabidhi mtu mwingine, na huyo mtu anaheshimiwa tangu hapo mpaka kufa kwake. Wanafunzi wake wa zamani, madaktari wa muziki wenye miwani, walikuwa wamejipamba wakisubiri kama mabibi harusi. Akanichagua mimi. Jana akasema kwenye kipaza sauti, “Huyu ndiye aliyenionyesha tromboni inashikwaje, barazani kwa shangazi yetu.” Uwanja mzima makofi. Umeona? Hata wema amenizidi.

Alhamisi alikuwa amenipeleka kwenye chumba chake cha vioo.

“Cleo, kabla ya pigo la kwanza, vuta pumzi. Wakuone ukivuta. Hawa ni wapulizaji. Usipovuta, hawajui pa kuingia.”

“Ndugu yangu, kupumua najua tangu nizaliwe. Nifundishe kitu kipya.”

“Na ule ujinga wako wa kujipinda nyuma, uache. Umri umekwenda.”

“Umri wa nani? Kwani wewe umezaliwa lini, juzi?”

Akacheka, akanifungulia mlango.

Basi jana nikajipinda. Kama ujanani, nilipokuwa natangulia mbele ya bendi ya sekondari kabla sijaacha shule: mgongo nyuma, nyuma, nyuma, mpaka manyoya ya kofia ya bendi niliyovishwa yakagusa majani. Hayohayo majani ya watu wote, si yale yenye jina. Uwanja ukapiga yowe! Msichana mmoja wa ngoma akaniambia, “Babu, usituvunjikie hapa!” Nikainuka, nikashusha mikono, wimbo ukanguruma. Mengine utayaona kwenye picha.

Jioni tulikula kwa Leander: kambare, mkate wa mahindi, pai ya viazi vitamu. Nilisubiri anisahihishe mbele ya watu, maana ndiyo kazi yake hiyo. Hakunisahihisha. Alinikatia kipande kikubwa cha pai, akawauliza wageni, “Mmemwona binamu yangu?” Nikala kwa hasira mpaka nikashindwa kuinuka.

Msalimie binti yako Vernice, na mumewe, yule asiyejua kucheza. Msalimie na Mzee Amos wa ghorofa ya juu, mwambie bado nakumbuka anavyoiba kwenye karata. Rozetta na Leander wanakusalimu. Mungu akupashe moto miguu yako, akuache utukaripie miaka mingi.

Wako akupendaye, nawe wanijua,
Cleotis

Shangazi, barua nilikwisha kuitia kwenye bahasha, nimeitoa tena. Nilipoinuka kutoka kwenye ule ujinga sikuwa na pumzi hata ya kuzima mshumaa. Nikashusha mikono: kimya. Bendi nzima inanitazama, midomo iko kwenye tarumbeta. Tromboni moja ikakoroma peke yake, ikaona haya, ikanyamaza. Ndipo nikasikia nyuma ya bega langu pumzi ikivutwa, ndefu, na bendi ikaingia kama mlima. Wimbo mzima macho yao yalipita juu ya kofia yangu. Nikageuka kidogo. Leander amesimama, mikono mifukoni ili watu wasijue, anawaongoza kwa kidevu na kifua. Hata kunifichia aibu anajua kuliko ninavyojua mwenyewe.

Kama umeshawaambia kina mama kabla ya kufika hapa, yaache yalivyo. Lakini wewe ujue: sikuongoza bendi. Nilipunga mikono tu.