Duka Limefungwa, Mimi Nimo Ndani

Manyatta, Kisumu
Jumanne, 14 Januari 2025

Kwa ndugu yangu Ogola,

Pokea salamu zangu wewe na mama watoto Seline, na Frankline na wadogo zake, na kila mtu hapo nyumbani anayeweza kuuliza habari zangu bila kukasirika. Natumaini kikohozi cha Seline kimepungua na mvua ya mwisho wa mwaka haikubomoa ule upande wa jikoni. Mimi niko. Goti linanisumbua nikikaa sana, na kazi yangu ni kukaa, kwa hiyo pima mwenyewe.

Barua yako niliipata kwa Wakoli, yule dereva wa lori la dagaa wa omena, wiki moja kabla ya Krismasi. Nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyosoma Biblia, Mungu anisamehe. Unasema simu zako sizishiki. Ni kweli, omera, ndugu yangu. Naliona jina lako, naigeuza simu kifudifudi juu ya kaunta mpaka inyamaze. Kwenye simu wewe unauliza tarehe, mimi nataja tarehe, halafu tunaagana kama watu waliosikizana. Ndiyo maana leo nimenunua karatasi.

Unasema mbao ulizonunua zimeliwa na mchwa, na mabati uliyoyapanga nyuma ya ghala yameanza kutu kabla ya kupigwa msumari hata mmoja. Unasema Frankline ameota ndevu na bado analala jikoni na kuku, kwa sababu kijana hawezi kujenga simba yake, kile kibanda cha kijana asiyeoa, katika boma la babu yake, na wewe baba yake huna dala yako, boma lako mwenyewe, ambamo atajenga. Na huna kwa sababu mimi mkubwa wako sijatoka kujenga yangu. Kwetu mdogo hampiti mkubwa, na hiyo desturi hatukuitunga mimi na wewe. Ukaandika kwamba nikusamehe kama unanikosea adabu, lakini umechoka kuwa mtoto wa nyumbani ukiwa na miaka arobaini na tisa. Hukunikosea. Ungeandika makali zaidi, ningeyala yote.

Nitakujibu. Lakini niache kwanza nikueleze habari za mjini, maana jibu lenyewe limo humo.

Ukija Kisumu leo, ushuke pale tulipokuwa tukishuka na marehemu baba, utapotea. Barabara kuu imependeza. Wameweka matofali ya kutembelea, taa, na viti vya watu kupumzika. Ila maduka ndiyo hayapo. Ile studio uliyopigwa picha umeshika mkonga wa simu isiyo na waya, sasa wanauza vifuniko vya simu. Duka la Mama Wahu la nyuzi za sufu, ambako kila mwanamke mwenye mimba alipita kununua za kufuma kofia ya mtoto, limekatwakatwa kwa mbao likawa vibanda kumi na vinne. Nimevihesabu, sina kazi nyingine. Pale pa mikate, ambapo harufu ilikuwa ikitoka mlango wa nyuma asubuhi hadi mtu anasahau anakokwenda, ni mahali pa kubeti mpira. Vijana wanaingia humo na nyuso za watu wanaokwenda kumwona mgonjwa. Fundi wa redio alifariki, na duka lake lilikuwa limemtangulia kwa mwaka mmoja.

Duka letu la viatu unalijua. Nilikuvisha pale viatu vya harusi, ukalalamika vinabana, nikakuambia ndoa pia. Bwana Simeon mwenye duka alikuwa ametoka Nyeri akiwa kijana, akakaa hapa mpaka akawa anatutania kwa Dholuo safi kuliko chetu wenyewe. Alikuwa na sheria moja ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Mlangoni paliwekwa karai la maji na taulo, na mguu wa mtoto haukuingizwa katika kiatu kipya kabla ya kuoshwa, na mwenye kuuosha ni muuzaji. Mwanzoni niliona haya. Mtu mzima, mwenye mke, nimepiga magoti naosha miguu ya watoto wa watu. Januari mstari ulifika nje, watoto kutoka Kondele, Dunga, hata Seme kwetu, na vumbi mpaka magotini. Nikazoea, kisha nikapenda. Ilifika mahali nikimaliza kuukausha mguu ninajua namba yake. Kile kibao cha kupimia nilikitoa tu ili mzazi aridhike. Miaka ishirini na miwili, Ogola. Hadi leo watu wazima wananisimamisha barabarani, mwalimu, nesi, askari, wananiambia mimi ndiye niliyewavisha kiatu cha kwanza. Nyuso sizikumbuki. Wakivua viatu, labda.

Duka likafungwa mwaka wa korona, hilo unalijua. Unajua pia kwamba Bwana Simeon alivutana na mwenye jengo kuhusu mkataba mpaka wakafikishana mahakamani, na kwamba wakili alisema duka lisiachwe tupu hata siku moja, kwa maana likikutwa tupu mwenye jengo ataweka kufuli lake na mambo yatakuwa yameisha. Bwana Simeon akarudi kwao, akaniachia ufunguo, akaniomba niwe nakaa ndani mpaka kesi iamuliwe.

Kukaa huko sikuwahi kukueleza vizuri. Saa mbili asubuhi naupandisha mlango nusu, naingia nimeinama, nakaa kwenye stuli ya kujaribia viatu. Rafu ni tupu. Naupandisha nusu ili ijulikane kuna mtu lakini hakuna biashara, kwa hiyo nawaona wapita njia kuanzia magotini kwenda chini. Viatu vya mitumba, kandambili, mitumba tena. Nikitoka kujisaidia natoka mbio na narudi mbio, na hili goti. Chai naletewa. Mazishi ya shangazi yalinipita nikiwa mle ndani. Harusi ya binti wa jirani yangu, umbali wa kutembea kwa miguu, ilinipita. Saa kumi na moja nateremsha mlango narudi Manyatta, nashona viatu vya majirani nipate cha kula, nalala, naamka, narudi. Wewe ulinihurumia kwa hayo. Ulisema kwenye simu kwamba mahakama imenifunga bila kosa.

Sasa nikuambie kilichotokea Jumatatu ya wiki jana, shule zilipofunguliwa. Bibi mmoja wa Dunga, muuza samaki, aliinama akapita chini ya mlango akiwa na mjukuu wake wa kike anayeanza darasa la kwanza. Akanisalimu kwa jina. Akasema watoto wake wote niliwavalisha mimi, na huyu pia amesema lazima avalishwe hapa. Sijui ni kitu gani kiliniingia. Badala ya kumwambia ukweli, nilikwenda nyuma nikatoa karai, nikateka maji, nikapiga magoti. Nikauosha ule mguu, nikaukausha katikati ya vidole, nikaupima. Nikamwambia bibi mtoto ni namba ishirini na tisa, lakini achukue thelathini ili akue nayo. Bibi akasema sawa, leta.

Nikasimama. Yeye akatazama rafu, akanitazama mimi. Hakunikasirikia. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, kwamba kama sina viatu, kwa nini nilikuwa namwosha mtoto miguu. Mtoto alikuwa bado amenyoosha mguu, anangoja. Bibi akamfuta, akamvalisha kandambili zake, akaniambia kwaheri kwa heshima, wakaenda zao upande wa soko la Kibuye. Nilikaa pale mpaka saa ya kufunga nikikufikiria wewe, na mabati yako.

Kwa hiyo omera, kaa chini kabla hujasoma yanayofuata, na usimsomee Seline kwa sauti.

Hakuna kesi. Iliisha mwezi wa tatu mwaka jana. Antony, kijana mkubwa wa Bwana Simeon, alinipigia simu akasema wamepatana, nimkabidhi mwenye jengo ufunguo, na baba yake ananishukuru sana. Niliupeleka. Wakala wa mwenye jengo akaniambia bado hawajapata mpangaji, watu siku hizi hawataki duka kubwa, kwa hiyo nikitaka niuache, nikitaka nikae nao, kwake ni mamoja. Nikaurudisha mfukoni. Kesho yake saa mbili nilikuwa kwenye stuli. Zile mara zote nilizokuambia kesi imeahirishwa, nilikuwa natunga. Hakuna aliyenifunga. Mlango naufungua mimi, naufunga mimi.

Caren wangu alifurahi aliposikia kesi imeisha. Alifunga vyombo siku hiyo hiyo, akasema sasa twende tukajenge, Ogola amengoja vya kutosha. Nikamwambia asubiri kidogo. Akasubiri mpaka mwezi wa nane. Siku moja akaja dukani, akainama akaingia, akanikuta nimekaa natazama miguu ya watu. Akaniambia yeye aliolewa na mtu, hakuolewa na kufuli. Yuko Nakuru kwa dada yake, na hashiki simu zangu, kama mimi nisivyoshika zako. Salamu zake nilizokutumia Krismasi nilizibuni mwenyewe. Na wewe unajua mwanamume haendi kufungua dala peke yake. Mke ndiye anayebeba moto. Hata nikija kesho, nitaingia kwenye uwanja huo na nani?

Utaniuliza ni kwa nini. Nimejiuliza pia, na jibu linaniaibisha. Nikiwa mle ndani, mimi ni Gordon wa viatu. Mtu akipita anainama, ananipungia mkono. Nikitoka, mimi ni mzee wa miaka hamsini na sita, goti bovu, hana mke, hana ng'ombe, anarudi kwao na nguo alizovaa. Ninaogopa nyumbani, Ogola. Naogopa ile asubuhi ya kwanza, kuamka na hakuna mlango wa kupandisha. Na lile duka pia nalichukia sasa. Nalichukia tangu ninapoiona kona ile, na miguu yenyewe inanipeleka.

Bado sijamaliza, na hili ndilo baya kuliko yote. Baba mdogo Opiyo alipokuja kutibiwa macho mwaka juzi alilala kwangu. Aliniambia kwamba haya mambo yana njia yake, kwamba mkubwa akishindwa anaweza kumpisha mdogo wake mbele ya wazee. Lakini lazima aseme mwenyewe. Mdogo hawezi kuomba, na wazee hawawezi kumsemea. Na akishapisha amepisha: kuanzia siku hiyo anahesabiwa mdogo, na hata akija kujenga atajenga nyuma. Nilimwambia nimesikia. Nikajua kwamba naweza kukufungua kwa maneno matano, na sikuyatoa. Niliona heri ungoje kuliko mimi niwe nyuma yako. Mbao zako zililiwa na mchwa nikiwa najua. Hilo si kosa la mahakama wala la mwenye jengo, ni langu, na sitakuomba unisamehe haraka.

Basi peleka karatasi hii kwa baba mdogo Opiyo, naye aisome mbele ya wazee. Mimi Gordon Oyugi, mtoto wa kwanza wa nyumba ya mama yetu, nampisha ndugu yangu Ogola. Ajenge. Atoke na mke wake na kijana wake, na asinitazame nyuma. Nimeandika kwa mkono wangu, akili zangu zikiwa timamu, asubuhi, na sijanywa kitu. Wakisema karatasi haitoshi, wamtume mtu aje dukani anisikie kwa masikio yake. Ananipata kila siku isipokuwa Jumapili.

Ombi langu ni moja tu. Siku utakayotoka kwenda kwenye uwanja wako, usinialike. Najua utataka, wewe ndivyo ulivyo. Usinialike. Ukinialika nitasema nakuja, na sitakuja, na wewe utasimama hapo na jogoo wa kufungulia dala mkononi, unaningoja tena.

Nisalimie Seline na umwambie anywe maji ya uvuguvugu. Mwambie Frankline nimesema simba yake aelekeze mlango vizuri, amwulize baba mdogo. Wasalimie wazee, na yeyote atakayeuliza kama niko salama mwambie niko. Nakomea hapa kwa sababu Wakoli anapakia lori, na saa mbili inakaribia.

Mdogo wako,
Gordon Oyugi