Sombe Imerudishwa Langoni

Jumanne, 3 Juni
Nimesuka vichwa viwili tu tangu asubuhi. Baridi, wateja hawatoki. Mume wangu Bahati bado yuko ndani. Polisi walimkamata kwenye robot, taa za barabarani, akisubiri kuvuka, katoka zamu yake ya ulinzi. Karatasi ya ukimbizi imeisha muda. Basi. Sasa wamemfungia kwenye kizuizi cha wahamiaji kinachoendeshwa na kampuni. Ndiyo, kampuni! Kufunga watu nako ni biashara huku ugenini. Kesho namwona. Jioni hii natwanga sombe, majani ya muhogo. Kwetu Bukavu mfungwa analishwa na nduguze, la sivyo anakufa.

Jumatano, 4 Juni
Wamerudisha sombe. Mlinzi kafunua sufuria, kanusa, kacheka. Eti chakula cha nje hakiingii, ndani kuna duka la kampuni. Nimelia mbele yao. Aibu gani!
Bahati nimemwona nyuma ya kioo, dakika chache. Amekonda. Anakohoa vibaya. Wamejazwa mpaka wanalala kwa zamu. Kliniki imempa vidonge vya kichwa. Vya kichwa! "Usilete chakula tena, Furaha. Niletee koti."
Sombe nimeila mwenyewe, kwa hasira.

Jumapili, 8 Juni
Pasta ametupatia wakili, mama mmoja mpole. Kesi ni Alhamisi. Anasema jaji akiona faili letu, Bahati anatoka siku hiyohiyo, tunampeleka hospitali. Nimefurahi mpaka nimeogopa.
Nimerudi, nikakaa kitandani na viatu vyangu. Ng'ambo ya pazia majirani wanacheka na waume zao. Leo nawachukia. Hawajanikosea kitu.

Jumatano, 11 Juni
Nimepeleka koti. Mlinzi katafuta jina kwenye kompyuta. Hayupo. Yuko wapi? Kainua mabega. Walikuwa wamejaa mno, eti, wengine wamepunguzwa. Wamepunguzwa, kama magunia! Nimepiga kelele, wakanitoa nje. Wakili naye hajui. Sina mtu mwingine wa kumwuliza.

Alhamisi, 12 Juni
Mahakamani jina lake limeitwa. Hayupo. Wakili kaongea vizuri. Jaji kakasirika kweli, kaamuru aachiliwe leo leo.
Jioni simu, namba ya Kongo. Bahati! Walimpandisha ndege juzi. Kinshasa. Eish, mtu wa Bukavu, Lingala lenyewe la kubahatisha, hana hata shangazi pale. Analala kanisani. Kikohozi kilekile.
Akaniuliza kesi imeendaje. Nikamwambia tumeshinda.
Salio lake likaisha.

Jumapili, 15 Juni
Sikwenda kanisani. Sitaki kupewa pole.
Kesho dada mmoja Mrundi anahamia hapa, tutalala kitanda kimoja. Kodi ya upande wetu wa pazia siiwezi peke yangu. Kwa hiyo nimefua mashuka. Sikuwa nimeyafua tangu wamchukue. Nimeyasugua haraka, bila kuyanusa. Jua lilikuwa kali, yamekauka kabla ya saa nane.
Nimeshatandika. Leo nalala katikati.