Maoni Yako Kuhusu Chumba cha Kengele

Manizales, 5 Machi 2023

Mwanangu Dahiana,

Pokea salamu za huku kwenye ukungu. Mimi sijambo, ila sikio la kushoto sasa halisikii kabisa, na la kulia linasikia likijisikia. Ndiyo maana nakuomba tuandikiane. Nimechoka kuitikia "ndiyo, ndiyo" kwenye simu wakati sijui nimekubali nini. Shangazi yako Amparo anakusalimu. Amehamia chumba cha nyuma na analalamikia baridi utadhani alizaliwa ufukweni. Wewe je, mzima? Jua la Antofagasta halijakukausha? Na ile maabara ya meno ya bandia, bado wanakupa kazi za watu wasiotaka kufumbua midomo?

Sasa habari yenyewe. Imetoka! Jumba la Kengele, sehemu ya pili ya ule mchezo wetu wa kompyuta! Miaka kumi na mitatu tumesubiri, nikadhani waliotengeneza ile ya kwanza wamekufa wote. Unakumbuka ulikuwa na miaka kumi na mitano, wewe umeshika kipanya, mimi nafumbua mafumbo, mama yako Rubiela anasoma zile barua za mle ndani kwa sauti na kumwigiza kila mtu, hata yule padri mwenye mafua?

Nina pendekezo. Wewe cheza kwako, mimi nicheze kwangu, tuandikiane maoni. Sharti ni moja: hakuna kumpa mwenzako jibu mpaka aliombe mwenyewe.

Mimi nimeshaingia chumba cha tatu. Nakusubiri.

Baba yako,
Evelio


Antofagasta, 14 Machi 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kupata barua yako. Mimi ni mzima, kazi ni nyingi, jua ni lile lile. Mwambie shangazi avae soksi mbili mbili.

Nimeanza kucheza. Maoni yangu mpaka sasa ni haya: hadithi imekomaa kuliko ile ya kwanza. Shujaa wetu Tadea si yule msichana wa kukimbia kimbia na taa tena. Ni mtu mzima, na jumba linazeeka pamoja naye. Ila mafumbo yanamshika mchezaji mkono mno. Ukisimama kidogo tu kufikiri, kinatokea kidokezo. Picha ni nzuri, hasa yale maji ya kijani kwenye chumba cha chini.

Wewe umependa nini?

Mwanao,
Dahiana


Manizales, 26 Machi 2023

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu zako. Sisi tupo. Juzi mlima ulitema majivu kidogo, Amparo akafua nguo mara mbili na kuutukana mlima kwa jina lake.

Maoni yako nimeyasoma mara tatu. "Jumba linazeeka pamoja naye." Umejifunza wapi kuandika hivyo? Nimejivuna, nikamsomea hata bwana Hernando wa duka la funguo, ambaye hajui mchezo ni nini, akasema, "Huyo binti angekuwa wakili."

Kuhusu vidokezo nakuunga mkono. Mimi nimetengeneza saa miaka arobaini na moja. Saa ikisimama haikuletei kikaratasi cha kukueleza gurudumu gani limeliwa. Nimeandika hivyo hivyo kwenye ule ukurasa wa mtandaoni ambako wachezaji wanatoa maoni, nikaupa mchezo nyota tatu. Basi wakanivamia! Mmoja anayejiita Popo Mwekundu akaandika, "Babu, zima kompyuta ukacheze domino." Nikamjibu, "Domino nimecheza asubuhi na nimeshinda. Sasa niambie wewe ulifungua kabati la chumba cha pili bila kidokezo?"

Wengine wanaupenda mno. Kuna mama mmoja wa Guayaquil anasema amelia kuanzia dakika ya kumi mpaka mwisho. Mwingine anasema sehemu ya kwanza haikuhitaji kuendelezwa. Nawasoma wote, hata wajinga. Inashangaza jinsi watu wanavyopita mlango ule ule na kila mmoja akaona kitu chake.

Sasa naomba jibu, rasmi. Nimekwama chumba cha kengele. Zipo tano, unatakiwa uzipige kuanzia yenye sauti nzito hadi yenye sauti nyembamba, na masikio yangu ndiyo hayo. Zote kwangu ni "tu, tu, tu." Kama umeshapita, niambie nianze na ipi.

Baba yako,
Evelio


Antofagasta, 2 Aprili 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa majivu. Mimi ni mzima wa afya. Nimecheka sana na Popo Mwekundu. Usimwache apumue.

Chumba cha kengele nimekimaliza jana tu. Kengele ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Anza nayo, kisha ya kwanza, ya tano, ya pili, umalizie na ya nne. Ni chumba kinachomlazimisha mchezaji kunyamaza, na nadhani hilo ndilo lengo la mchezo mzima.

Mwanao,
Dahiana


Manizales, 15 Aprili 2023

Mwanangu Dahiana,

Hujambo? Sisi hatujambo, Pasaka imepita salama.

Nimepiga kengele kama ulivyoniandikia. Mlango haukufunguka. Nikapiga tena, siku tatu, nikidhani nimekosea kuhesabu. Mwishowe nikamwita Amparo asikilize. Akakaa kwenye kiti chako, akasikiliza akiwa amefumba macho, akasema, "Evelio, hiyo ya tatu ndiyo nyembamba kuliko zote, inalia kama kijiko kwenye glasi." Tukapanga kwa sikio lake, mlango ukafunguka. Amparo amefurahi mpaka anataka kucheza kila siku.

Basi nikaenda kusoma kwenye ule ukurasa. Kumbe watengenezaji walizibadilisha kengele katikati ya Machi, baada ya watu wengi kulalamika. Zamani ya tatu ilikuwa nzito. Anayecheza Aprili hawezi kuisikia hivyo. Nikaendelea kushuka chini, nikakuta maoni ya tarehe nane Machi, ya mtu wa Kosta Rika: "Jumba linazeeka pamoja naye." Na chini yake, "kinachomlazimisha mchezaji kunyamaza." Neno kwa neno.

Sikuandikii kukugombeza. Sijakasirika hata kidogo. Nataka kujua tu. Umecheza, au hujacheza? Na kama hujacheza, kwa nini umehangaika kukusanya maneno ya watu kunifurahisha mimi?

Baba yako,
Evelio


Manizales, 20 Mei 2023

Dahiana mwanangu,

Salamu nyingi. Tangu nikuandikie umepita mwezi mzima na siku tano bila jibu. Nilimwomba Amparo akupigie, akasema ulipokea, ukasema u mzima, ukasema uko kazini. Ilikuwa Jumapili.

Nimemaliza mchezo. Maoni yangu nimeyaweka akiba, sitakuandikia. Ningependa kusikia yako, hata kama ni mstari mmoja, hata kama ni "sitaki kucheza, niache." Hilo nalo ni maoni.

Baba yako


Antofagasta, 3 Juni 2023

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Mimi ni mzima wa mwili.

Sijacheza. Nilinunua mchezo siku ile ile niliyopata barua yako. Nilipika chai, nikazima simu, nikawasha. Unajua unavyoanza. Mama yake Tadea yuko kitandani, mgonjwa. Tadea anafunga mkoba. Halafu mchezo unakuachia wewe: lazima uushike ule mlango kwa mkono wako mwenyewe na kuufunga, la sivyo hakuna kinachoendelea. Na ukitoka uani, mama amesimama dirishani anakutazama.

Sikuweza kubonyeza. Nilikaa pale mpaka chai ikawa baridi. Nikarudi kesho yake, na kesho yake. Mara moja nilijaribu kufumba macho. Nilitaka ujue nacheza na wewe, baba, ulikuwa na furaha sana. Basi nikawa nasoma walioweza, nikachagua sentensi nzuri nzuri. Hata yale maji ya kijani sijayaona.

Niliondoka Februari, akafa Aprili. Nilisema narudi baada ya miezi sita. Na alipozikwa nilikuwa hapa, nasubiri muhuri wa uhamiaji, natengeneza meno ya mtu. Hujawahi kuniuliza kwa nini sikuja. Miaka minne. Kila barua nafungua nikidhani leo utauliza.

Unaweza kuuliza sasa.

Dahiana


Manizales, 11 Juni 2023

Binti yangu,

Nimeipata barua yako. Sikulala mchana kama kawaida yangu. Nilitoka nikatembea mpaka kanisani na kurudi, na kile kilima unakijua.

Kwanza, kuhusu lile dirisha. Mama yako hakusimama dirishani. Asubuhi ile ulipoondoka alikuwa amelala, dawa zilimshika. Aliamka saa mbili. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Umempa arepa za njiani?" Nikasema ndiyo. Akainua kichwa, akaziona arepa, mikate yake ya mahindi, ziko mezani zimefungwa kwenye kitambaa, nimezisahau. Alinitukana, Dahiana! Kwa mtu mgonjwa alikuwa na pumzi ya ajabu. "Mwanamume gani wewe, unasikia saa ya mkononi ikichelewa sekunde mbili na huoni chakula cha mtoto!" Kisha akasema zisiharibike, akala mbili na jibini. Alikuwa hajala hivyo kwa wiki nzima.

Pili. Umesema niulize. Siwezi kuuliza, kwa sababu jibu ninalo mimi.

Katikati ya Machi daktari alituambia zimebaki wiki tatu, pengine nne. Nilishika simu nikupigie. Rubiela akaninyang'anya. Akasema, "Ukimwambia, atarudi. Na akirudi sasa, hataondoka tena, atabaki hapa kukuoshea soksi." Akanifanya niape. Ndiyo maana kila ulipopiga nilikwambia anaendelea vizuri, amelala, mpigie kesho. Ulipopata habari, tayari ilikuwa mazishi.

Kwa hiyo hukumwacha, mwanangu. Ulinyimwa nafasi ya kuchagua, na aliyekunyima ni mimi pamoja naye. Yeye alikuwa na haki ya kutaka hivyo. Mimi sina hakika kama nilikuwa na haki ya kutii. Nimenyamaza miaka minne kwa sababu wewe ulijilaumu, na lawama yako ilikuwa inanisitiri. Hilo ni jambo baya kuliko kunakili maoni ya mtu wa Kosta Rika.

Chukua muda wako. Usijibu haraka kwa ajili ya kunionea huruma.

Baba yako,
Evelio


Antofagasta, 30 Julai 2023

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Natumaini wewe na shangazi mko vizuri, na mlima umetulia.

Nilikasirika. Ni vizuri ujue. Wiki ya kwanza nilikuandikia barua nne na kuzifuta zote, moja ilikuwa na maneno ambayo mama peke yake angeyasema mezani. Ningekuja, baba. Muhuri au hakuna muhuri, ningekuja, na kama ningebaki kukuoshea soksi, hilo lingekuwa shauri langu. Bado sijamaliza kukasirika. Nikimaliza nitakwambia.

Lakini Jumapili iliyopita niliwasha ule mchezo, nikaufunga mlango. Nikapita uani bila kukimbia, nikageuka nikamtazama yule mama wa dirishani vizuri, mpaka nikachoka mimi.

Na haya ndiyo maoni yangu. Nimeyaweka kwenye ule ukurasa kwa jina langu kamili, nenda kayaone. Huyo mama wamemharibu kabisa. Anaugua kwa adabu mno. Analia polepole, anabariki, anatazama mbali. Hatukani hata mara moja, haulizi mtoto amekula nini. Mtu aliyemwandika hajawahi kukaa na mgonjwa mwenye akili zake. Nimewapa nyota mbili. Watu kumi na wanne wameshanijia juu, na Popo Mwekundu wako ananiita mtu asiye na moyo. Nimemjibu.

Nimekwama chumba cha pili, kwenye kabati. Siku ya nne hii. Usinisaidie.

Nimeomba likizo kuanzia tarehe kumi na sita Desemba, wamenipa majuma matatu. Siku ya kwanza nipeleke makaburini, kabla ya wageni, kabla ya natilla ya shangazi, ule uji wake mtamu wa Krismasi. Na tukiwa pale nataka unieleze zile wiki tatu, siku baada ya siku: alikula nini, alisema nini, nani alikuja, alicheka lini mara ya mwisho. Usinifupishie hata kidogo.

Mwanao,
Dahiana