Mgowe wa Shamba la Baba

Kifanya, 4 Agosti 1992

Mpendwa mdogo wangu Filbert,

Kamwene. Mimi mzima, ila baridi hii imenikaba kifua. Wifi hajambo?

Chuo cha uuguzi Mbeya wamenipokea tena, masomo yanaanza Januari. Nisipokwenda safari hii, basi tena. Lakini shamba la baba namwachia nani? Baba Mdogo Ezekieli unamjua: likilala msimu mmoja tu, anapanda miti yake ya paini, na baba tulimwahidi kitandani, kabla hajafa, kwamba paini haitaota pale.

Nitafutie watu wa kujitolea, hata wawili. Mshahara hakuna, umeme hakuna. Kuna chakula, chumba, maji ya chemchemi mlangoni, na kujifunza kulima bila mbolea ya dukani, ambayo siku hizi bei yake haishikiki. Nimechoka, Filbert. Naamka, nageuza mboji, nazibua bomba la mianzi, nalala. Hata ndotoni naota matuta.

Dada yako,
Lucia

Makambako, 30 Agosti 1992

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, wifi yako anakusalimu sana.

Nimetangaza stendi, kanisani, hata kwa Mzee Mansoor mwenye malori. Wote wanauliza, "Analipa nini?" Nikisema chakula na mafunzo, wanacheka mpaka nami nacheka. Nimempata Zubeiri, utingo ambaye gari lake ni bovu. Anakuja. Akishindwa, wewe itisha mgowe: pika togwa, majirani waje walime. Si wa kujitolea hao hao?

Ningekuja mwenyewe, lakini mitumba ndiyo imechangamka. Nikifunga kibanda, wateja wanahamia kwa jirani.

Mdogo wako,
Filbert

Kifanya, 22 Novemba 1992

Filbert,

Natumaini mu wazima. Nimekaa kimya kwa hasira.

Zubeiri wako alikuja na redio. Betri zilipokwisha, naye akaondoka. Nikafuata ushauri wako, nikaitisha mgowe. Walijaa uwanjani, wakalima wanaimba, shamba lote likapandwa. Nililia kwa furaha.

Mji umekusahaulisha. Mgowe si kujitolea! Kila aliyeshika jembe kwangu, nami lazima nimlimie siku yake ikifika. Mama Eufrasia ameshaniita, anafuata Bonaventura, na wengine nyuma yake mpaka mvua zikatike. Nikiondoka bila kuwalipa, hakuna atakayekanyaga tena shamba la baba, na nyumba yetu itasemwa kila penye watu. Kwanza lilinishika shamba, sasa kimenishika kijiji kizima. Na nimejifunga mwenyewe, kwa togwa yangu.

Njoo ulime badala yangu. Nakuomba.

Dada yako,
Lucia

Makambako, 18 Desemba 1992

Dada,

Shikamoo, na pole kwa kazi. Krismasi ndiyo mavuno yetu sisi wa mitumba, sitaweza. Kwa nini usiwaombe chuo wakusubiri mwaka mmoja? Wewe shamba umeshalizoea.

Mdogo wako,
Filbert

Mbeya, 9 Januari 1993

Mdogo wangu Filbert,

Kamwene. Mimi mzima, na kifua kimepona.

Jumapili baada ya ibada nilisimama mbele ya wote walionilimia. Nikawaambia kwamba siku zao utalipa wewe. Waliguna. Kisha Mama Eufrasia akasema, "Nyumba ni ile ile. Jembe la Filbert tutalipokea." Nimemwachia yeye ufunguo, na Jumatatu ya tarehe 18 anakungoja kwenye palizi yake. Usipofika, Baba Mdogo ana miche ya paini tayari, nimeiona barazani kwake. Nami sirudi.

Lori nililopanda kuja huku lilisimama Makambako kushusha viazi. Nilikuona kibandani, suruali za watu begani, unamtania mteja. Umenenepa. Nilitamani kushuka nikushike mkono, mdogo wangu, nilitamani mno. Lakini nakujua. Ungesema, "Dada, rudi kidogo tu," na mimi ningerudi. Nikajifunika khanga usoni mpaka gari likaondoka.

Msalimie wifi. Jumapili ulale mapema, kwa Mama Eufrasia wanaanza kabla jua halijatoka.

Dada yako,
Lucia