Uliandika Ndio Uelewe, Mimi Nikasema Umefutwa

Mami wangu,

Nakuita mami vile nimekuita tangu uzaliwe, kwa sababu ulibeba jina ya mama yangu. Hii barua nimeiweka kwa grupu ya simu ya kina mama wa kanisa makusudi, wote wasome, kwa sababu ile maneno nilisema juu yako wote walisikia. Uko Kigali na hushiki simu yangu, lakini hujatoka kwa hiyo grupu. Nimeangalia.

Unakumbuka ulikuja hapa Othaya mwezi mzima na kompyuta yako? Asubuhi mimi nachambua mboga ya terere kwa mlango ya jikoni, wewe uko kwa kiti ya baba yako unaandika. Nikakuuliza ni kazi gani hiyo haina mdosi wa kukuamrisha. Ukasema unaandika masomo, ya kufundisha watu vile programu ya kompyuta inatengenezwa. Wanasoma bure. Hapo ndio nilianza kushuku. Mtu akipea watu wenye hajui kitu ya bure, ama anaficha kitu, ama kuna mwanaume. Nikakuuliza huyo mwanaume ni wa wapi. Ukacheka mpaka kuku ikakimbia.

"Mum, naandika ndio mimi mwenyewe nielewe."

Hiyo ndio ilinimaliza. Kwani hukuwa umeelewa? Na miaka yote hiyo wamekuajiri ya nini?

Halafu ukaanza kunisomea. Siku moja ukasoma ati kompyuta inarudia kazi moja, inazunguka, inazunguka, mpaka iishe. Nikasema, "Ikiisha nini? Nani anaiambia isimame?" Ukafuta yote. "Hiyo kitu naandika kila siku na sijawahi kujiuliza," ukasema, na ulikuwa umefurahi kabisa. Mimi nikaona tu mtoto wangu hajui kazi yake.

Kesho yake sokoni nikaambia Mama Shiro wa viazi, huyu wangu amefutwa kazi, anajificha na kompyuta. Nilimwambia asiseme. Jumapili mama mmoja wa Kagio, mgeni kabisa, akakushika mkono nje ya kanisa akakuambia Mungu atafungua mlango ingine. Ukaniangalia. Ulipanga nguo ukaenda.

Sasa sikia. Juzi chama yetu ya kina mama ilinipea mabibi wawili wa kutoka Kangema, wameolewa hapa, niwafundishe kusuka kikapu ya kiondo. Mimi nasuka tangu nikiwa mdogo, nikiongea, nikicheka, bila kuangalia. Nikawaambia, "Mnazunguka hivi, mnazunguka, mkifika hapa mnaongeza kamba." Mmoja akasema, "Kwa nini hapa, na si pale?"

Nikaangalia mikono yangu. Mikono inajua, mwenyewe sijui. Nikafumua yote nikarudia pole pole, nikisema kila kitu kwa sauti, na ndio nikaona: naongeza pale kamba zinaanza kuachana, ndio kitako ipanuke isijikunje. Miaka yote nilikuwa nafanya tu. Nikakukumbuka mpaka hao mabibi wakauliza kama naumwa.

Nilienda kwa Mama Shiro kumwambia ukweli, ati hukufutwa, ulikuwa unajifunza kwa kufundisha wengine. Akaniangalia kwa jicho moja. "Aki wewe, unamfunika mtoto." Nimeapa mara tatu, hataki. Saa hii sokoni wanasema ulifutwa na mama yako anaficha.

Nisamehe, mami. Hao watu wako wa kusoma bure bado nawashuku, na usiwatumie picha yako. Lakini kiondo imefika juu, na yule bibi ameniuliza, "Unajuaje imetosha, usimame?" Ni ile swali yangu, imenirudia. Naweza kuifunga nikiwa nimefunga macho. Sijaifunga. Iko hapa kwa kiti ya baba yako, na kamba zote ziko nje. Shika simu nikueleze, na pale nitakwama usinionee huruma. Uliza tena.

Ni mimi, mama yako,
yule wa maneno mengi