Mguu wa Mama na Gari Lako la Haibridi

Erdington, Birmingham
Jumapili jioni

Kaka Shabani,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu Mama alitulea hivyo. Ingekuwa shikamoo mtu anachagua wa kumpa, ya leo ningempa jirani. Habari za hapo Makorora? Wifi yangu Rehema hajambo, na watoto? Afya yako wewe siulizi, maana mtu anayetuma picha za magari kila kukicha hawezi kuwa mgonjwa. Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila baridi ya huku inaniuma mifupa na wewe unaniuma roho.

Nimeandika kwa karatasi makusudi. Ujumbe wa sauti ukikuchoma unaukatia katikati, kisha unasema mtandao ulikuwa mbaya. Barua hii nampa mwalimu mmoja wa Pongwe anayerudi nyumbani wiki hii, na nimemwambia akukabidhi mkononi. Kaa chini uisome mpaka mwisho.

Uliniomba nikuchunguzie lile gari dogo la haibridi, linalotembea kwa petroli na betri, mlango wa nyuma unainuka pamoja na kioo chake. Ulisema ni la kumpeleka Mama hospitali kusafishwa kidonda cha mguu, kwa kuwa goti lake halikunjiki tangu alipoanguka, na sukari nayo haijamwachia. Nikasema sawa, nani atamnyima mama yake gari? Nilidhani utaniachia nitafute linalomfaa. Kumbe wewe ulikwisha kuchagua zamani, toleo jipya kabisa, lenye taa nyembamba kama macho ya mtu aliyeamshwa kwa nguvu, ukawa unatafuta wa kulinunua tu.

Sasa nikueleze nilivyoifanya kazi yako, usije ukasema Zuhura aliangalia picha mtandaoni akakujibu.

Mtaani unasema dada yako ni nesi Ulaya. Mimi si nesi na nilishakuambia. Nahudumia wazee majumbani mwao, nawaogesha, nawavalisha, na siku za kliniki nawaingiza kwenye magari ya watoto wao. Kumwingiza garini mtu ambaye mguu haukunjiki kuna utaratibu wake. Kiti unakisukuma nyuma kabisa, juu yake unatandika mfuko wa plastiki. Mgonjwa anageuka, anakaa kwanza, makalio ndiyo yanayotangulia, halafu unamzungusha taratibu anateleza juu ya ule mfuko, miguu inafuata. Kama kiti kiko chini sana hakai, anaanguka. Kama paa limeinama, anagonga kichwa. Hayo mambo mawili ndiyo niliyokwenda kuyatazama, si taa.

Kwa hiyo siku yangu ya mapumziko nikachukua mwiko wa kusongea ugali, nikaulaza nyuma ya goti la kulia, nikaufunga kwa kanga mpaka mguu ukakakamaa kama wa Mama. Nikavaa gauni refu juu. Njeri, yule Mkenya ninayekaa naye nyumba moja, yeye ndiye nesi wa kweli, akanisindikiza huku ananicheka njia nzima kwenye basi. Tulipofika kwenye duka la magari mapya akaninong'oneza, "Ukianguka hapa kwa watu, mimi sikujui."

Gari lako jipya linapendeza, sikatai. Muuzaji, kijana wa tai, akanifungulia mlango kwa adabu zote. Nikageuka, nikajishusha. Nikajishusha tena. Kiti sikioni, Kaka, kiko chini huko kama kigoda cha kukunia nazi. Nikajiachia, kichwa kikagonga pale paa linapoteremka, puu, duka zima likageuka. Nikajizungusha, mguu wenye mwiko ukanasa kwenye fremu ya mlango. Kutoka ndiyo balaa zaidi. Njeri alinivuta mikono miwili, yule kijana akauliza kama aite gari la wagonjwa. Mimi nina nguvu zangu zote na nilishindwa. Wewe ulitaka Mama aingie na kutoka humo mara tatu kwa wiki, halafu lipite kwenye yale mashimo ya mtaani kwetu, gari ambalo tumbo lake linakaribia kulamba lami.

Nikafika na kwenye yaliyotumika, maana sikutaka uniambie nimechagua kwa chuki. Toleo la kabla ya hilo jipya lina kiti cha chini kiasi, ila mlango ni mpana, paa halijainama sana, na ukisukuma kiti nyuma mguu unapita. Nilitandika mfuko, nikateleza, nikaingia bila kusaidiwa. Injini yake mafundi wanaisifu. Lililo nyuma ya hilo, la zamani zaidi, ni rahisi zaidi kuingia, lakini kila fundi niliyemuuliza alikunja uso, moshi unaziba njia zake ndani ya injini, joto linapanda, gasketi inaungua. Hapo Tanga nani atalifungua? Fundi wako wa pikipiki?

La zamani kuliko yote nililikalia kwa Papa Kabeya, Mkongo anayeendesha teksi huku Acocks Green. Lake limechoka, limepauka, lakini kiti kiko juu na mlango unafunguka kweli. Mama angeingia kama anaingia sebuleni. Mzee huyo ndiye aliyenifundisha mambo ambayo muuzaji hakuyataja. Betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma na ubavuni kuna kitundu cha kuvutia hewa ya kuipoza. Ukikiziba kwa gunia la mchele, na wewe nakujua utaliziba, betri inapata joto mpaka inakufa. Akanionyesha na chini ya gari alipochomelea vyuma, kwa sababu wezi wa huku wanalala chini ya magari haya wanakata masega, kile kifaa cha kuchuja moshi kwenye ekzosi, ndani yake mna madini ya thamani. Lake limekatwa likiwa nje ya mlango wake. Nilipomwonyesha picha ya chaguo lako alicheka akasema, "Dada, ile ya mupya iko ya kuonyesha watu. Mama mugonjwa ataingiza kichwa ao ataingiza muguu?"

Kuhusu mafuta, yote hayali. Kwenye foleni injini inazima, linatambaa kwa betri kimya kimya, na tofauti kati ya jipya na la kabla yake hutaisikia mfukoni. Na ile picha ya dashibodi ya gari la huku uliyonitumia kwa furaha ukasema hili la zamani limetembea kidogo, ile ni hesabu ya maili. Huku hawahesabu kilomita. Lilikuwa limetembea mpaka limechoka.

Basi nikakata shauri, toleo la kabla ya jipya. Nilikwisha kulipata moja zuri, la mama mmoja mstaafu, halijagongwa. Kilichobaki ni kuhakikisha mguu wa Mama utaenea, kwa sababu yeye ni mrefu kuliko mimi. Nikamwomba wifi ampime kwa futi ya kushonea, kuanzia kiunoni mpaka kisigino, anitumie picha nisome mwenyewe.

Picha ikaja. Futi sikuisoma. Niliona bandeji.

Kaka, mimi nafungua na kufunga bandeji kila siku ya Mungu. Bandeji ya jana naijua, ya juzi naijua. Ile ilikuwa imekauka kingo zake, rangi ya chai, uzi umeshikana na ngozi. Ile haikufunguliwa kwa muda mrefu. Nikapiga simu papo hapo, nikiwa nimesimama jikoni kwa mzee wa watu na uji wake unaungua. Nikaomba nizungumze na Mama mwenyewe. Nikamuuliza lini amekwenda hospitali mara ya mwisho. Akanijibu kwa ile sauti yake ya kutotaka kumsumbua mtu.

"Wiki tatu sijaenda. Shabani kasema tusubiri gari, mwanangu. Kasema linakuja karibu."

Nikamuuliza, na bajaji je? Si ziko pale kona, zimepangana? Akasema hukutaka. Ulimwambia ni aibu, mama mwenye mtoto Ulaya kupakiwa kwenye bajaji mguu umetokeza nje, watu watasema nini.

Watu watasema nini. Nimeyarudia maneno hayo kwenye basi, nimeyarudia bafuni, na kila nikiyarudia nakasirika upya. Wiki tatu mtu mwenye sukari hajasafishwa kidonda, kwa sababu wewe unaona haya. Wiki hizo tatu ndizo ulizokuwa unaniuliza kama viti vinapashwa joto. Viti vya kupasha joto, Tanga. Mimi huku nimejifunga mwiko mguuni nagonga kichwa mbele za Wazungu nikidhani namtafutia Mama njia ya kufika hospitali, na njia ilikuwa hapo nje ya mlango, inapiga honi, wewe umeifunga.

Na usimgombeze wifi. Alikwambia. Alikwambia mara ya kwanza kwa upole, ya pili mkagombana mpaka majirani wakasikia, na wewe ukasema mambo ya mama yako hayamhusu. Yeye ndiye anayemwogesha huyo mama yako. Nilipomaliza kuongea na Mama nilimwambia Rehema asikusubiri, asikuombe ruhusa, aite bajaji sasa hivi. Akaita. Wewe ulikuwa barazani na wenzako, ukawaona wakipita, ukainuka ukaingia ndani. Kaniambia yeye. Alisema hivyo bila kukulaumu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko kama angekulaumu.

Hospitali waliwapokea vizuri. Daktari alifungua, akatazama, akamwita mwenzake. Kidole kidogo cha mguu kilikwisha kuwa cheusi. Wamekikata siku iliyofuata. Unajua mpaka hapo, ulikuwepo walipomrudisha nyumbani, nimesikia ulilia. Ambalo pengine hujui ni kwamba daktari alimwambia Rehema pembeni kuwa kama angeletwa mapema wangekisafisha tu na kingebaki. Sasa wanaangalia kama mguu utapona au wataendelea kupanda juu. Ndiyo maneno aliyotumia, kupanda juu. Mama hajaambiwa. Wewe nakuambia.

Saa ile Mama yuko chumba cha kukatwa, simu yangu ililia. Nikadhani ni habari za kutoka hospitali. Kumbe ni wewe, unauliza rangi ya gari. "Nyeupe au ya fedha? Nyeupe inaonyesha uchafu." Niliketi kwenye ngazi za nyumba ya watu, nikalia mpaka bibi ninayemhudumia, mtu asiyekumbuka hata jina la mwanawe, akaja akanishika bega.

Kwa hiyo pokea tathmini uliyoiomba. Jipya ni zuri kwa mtu mwenye magoti mazima na majirani wa kuwaringia. La kabla yake ndilo la kununua, kwa mwenye akili. La nyuma yake liache. Kongwe lina kiti kizuri na shida nyingi. Na wewe hutapata hata moja. Yule mama mstaafu nimempigia, nimemwambia auze kwa mwingine. Nilichokuwa nimeweka kwa ajili ya gari kinalipa bajaji na muuguzi wa kuja nyumbani siku ambazo Mama hawezi kutoka, na kinapitia kwa Rehema, hakipiti kwako. Ukitaka kuniitia kikao cha ukoo, niitie. Nitaongea kwa simu, na picha ya ile bandeji ninayo.

Nisalimie wifi yangu, mkeo, mwambie nampenda na mikono yake isichoke. Nisalimie shangazi yetu wa Chuda, aliyekuwa wa kwanza kuniuliza kwa nini Mama haonekani tena msikitini. Mjomba mshona nguo msalimie, futi yake ndiyo iliyotumika, na watoto wako wabusu kwa niaba yangu, hawana kosa. Mama simtumii salamu kupitia kwako. Naongea naye kila asubuhi kabla sijaingia kazini.

Siku ya kliniki bajaji itapiga honi nje. Usiingie ndani. Toka barazani mbele ya hao wenzako, mshike Mama mkono, tandika mfuko wa plastiki kwenye kiti, mkalishe kwanza halafu umzungushe taratibu. Mguu utatokeza nje. Kaa pembeni yake uushike, njia nzima, watu wakuone.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado nina hasira nawe,

Zuhura