Kutoka Guangzhou hadi Harbin

Dada Zuhura,

Athumani alinipigia simu jana kutoka Harbin. Amesema alifika chuoni kwa mwanao Fahmi jioni, naye alikuwa ameshajua kwamba umefariki.

Ulipokata roho nilikuwa Kiunga kikazi. Nilipofika Chundwa ulikuwa umeshazikwa, na Ami Shee alikuwa ameshakata shauri: Fahmi asiambiwe kwa simu. "Mauti hayapigiwi simu," alisema. "Mtu huendewa, mkakaa kitako, ndipo akaambiwa." Akamchagua Athumani, mwana wa jirani yako, anayenunua bidhaa Guangzhou. "Si yuko nti hiyo hiyo ya China? Nti ni moja." Baraza zima likaitikia, kana kwamba Athumani angetoka Chundwa kwenda Faza, hapo jirani, kwa miguu.

Kutoka Guangzhou hadi Harbin ni kama kilomita elfu mbili na mia nane. Ndege isiyotua njiani huchukua zaidi ya saa nne. Umbali huo ni kama mara sita ya ule wa Manda hadi Nairobi. Niliwaambia. Ami akanijibu, "Basi na apande ndege, Bwana wa habari."

Sikubishana. Baba alipofariki ulinifuata wewe mwenyewe Malindi, chombo kisha basi, kichwa kinakuuma kwa moshi. Ulinitazama nikila mpaka nikamaliza sahani, ndipo ukasema. Nilitaka Fahmi naye apate mtu wa namna hiyo.

Athumani hakupata nafasi ya ndege siku ile, wala iliyofuata. Fahmi naye alikuwa akipiga simu yako kila alasiri, kama mlivyozoea. Mdogo wetu Rukia aliishika mkononi ikilia mpaka ikanyamaza. Mwisho akaipokea. "Mamako amelala," alimwambia. Nilikuwa nimesimama kando yake.

Athumani akiwa angani, mtu mmoja aliweka picha yako kwenye kundi la simu la kijiji, na dua chini yake. Hakuwa na nia mbaya. Fahmi aliisoma akiwa kwenye foleni ya chakula cha chuo, katikati ya watu ambao hawajapata kulisikia jina lako.

Athumani anasema alibisha mlango akiwa na shati jepesi la Guangzhou, anatetemeka kwa baridi ya huko, maneno aliyoyapanga ndegeni yote yamempotea. Fahmi alimtazama. "Ingia ukae, Athumani. Umetoka mbali." Akampa blanketi lake. Wakakaa kitako sakafuni, na aliyeanza kulia ni Athumani.

Ami hakai tena barazani. Anasali, anarudi ndani. Rukia analisha kuku wako. Majirani wameacha kuja. Mimi nimerudi kazini, naandika habari za watu wengine, na kila nikimaliza moja nakumbuka hakuna wa kunipigia aniambie nimekosea jina la kijiji.

Mola akupanulie kaburi, dada, aliangaze. Hapa nakuaga.

Fahmi atatua Manda Ijumaa asubuhi. Atauliza kwa nini tulimwacha apige simu bure, na Rukia hataweza kumtazama. Nakuahidi nitamjibu mimi, yote, kabla hatujapanda boti ya Pate kurudi Chundwa.

Nduguyo,
Bakari